Rimoti ina betri mpya, pangaboi liko kimya

*Mapangaboi ya rimoti yenye taa yameteka sebule na vyumba vya pwani. Yakigoma, wengi hununua mapya, ilhali mara nyingi ubovu uko kwenye kifaa kinachoenea kiganjani. Shida ni kwamba kifaa hicho, madukani mengi, hakiuzwi peke yake.*

Saa nane usiku, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Umeme uliokatika tangu saa tatu umerudi. Friji linanguruma, taa ya varanda imewaka, pampu ya jirani imeanza kuvuta maji. Chumbani, juu ya chandarua, pangaboi limetulia tuli.

Mwenye chumba anapapasa chini ya mto, anaipata rimoti, anabonyeza. Kitu kinalia "ti" kule darini. Taa inawaka, tena ya njano, wakati jioni ilikuwa nyeupe. Feni haizunguki. Anabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, kama vile rimoti ina uziwi. Kisha anafanya kile ambacho kila mtu hufanya: anatoa betri, anazisugua kwenye kanga, anazirudisha.

Ukutani kuna swichi moja tu, inayowasha na kuzima vyote kwa pamoja. Ile ya kuzungusha, yenye namba moja hadi tano, haipo tena. Iliondolewa siku dari ya jipsamu ilipofungwa.

Asubuhi anakuja fundi. Anapanda ngazi, anabonyeza rimoti mara mbili tatu, anashuka. "Mama, hii risiva imekufa. Tafuta feni nyingine." Mama anatafuta nyingine.

Makala haya yanahusu ngazi hiyo, ambayo fundi aliishuka mapema mno.

Akili ndogo, umri mrefu

Kuweka feni na taa pamoja si jambo la jana. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kiwanda cha cherehani cha Singer, ndiye aliyeichukua mota ya cherehani akaining'iniza darini miaka ya 1880. Baadaye akaongeza taa chini yake. Sura ya kitu hicho haijabadilika sana tangu wakati huo.

Pangaboi tulilokua nalo, lile la bomba refu na mapanga matatu ya bati ambalo bado linazunguka katika misikiti, madarasa na ofisi za serikali, lilikuwa na akili ndogo na umri mrefu. Ndani yake vilivyoweza kufa vilikuwa vichache: kapasita, beringi, na ile regyuleta ya ukutani. Kila fundi wa mtaa alivijua, na kila duka la vifaa vya umeme lilikuwa navyo.

Kilichoongezeka sasa ni kijisanduku cha plastiki kinachosokomezwa ndani ya kikombe, pale bomba linapokutana na dari. Hicho ndicho risiva. Nyaya mbili zinaingia, laini na nyutro kutoka ukutani. Tatu zinatoka: ya feni, ya taa, na nyutro inayotumiwa na vyote viwili. Waya wa sita, mwembamba, haujaungwa popote, unaning'inia tu. Ndiyo antena, na mafundi wasiojua huukata wakidhani umezidi.

Ndani ya kijisanduku kuna redio ndogo ya kupokea amri, chipu ya kuzitafsiri, na swichi za kielektroniki zinazopeleka umeme kwenye mota au kwenye taa. Vyote hivyo viko kwenye joto la dari, chini ya bati, na kila umeme unaporudi kwa kishindo vya kwanza kupigwa ni hivi.

Na umeme wetu hurudi kwa kishindo. Mgao wa mwaka 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, kuingizwa kwenye gridi Februari 2024. Lakini kukatika kwa dakika kumi mtaani, transfoma ikizidiwa au mti ukiangukia waya, bado ni mambo ya kila siku. Pangaboi la zamani lilivumilia. Risiva ya bei rahisi haivumilii.

Angalia nani anatii

Turudi kwa yule mama. Alipobonyeza rimoti, darini pakalia "ti" na taa ikawaka, tayari alikuwa amepewa nusu ya jibu. Amri imetoka kwenye rimoti, imefika kwenye risiva, risiva imeielewa na kuitekeleza. Betri ni nzima, antena ni nzima. Kama taa inatii na feni haitii, mara nyingi kosa liko mbele zaidi: kwenye njia ya feni ndani ya risiva, kwenye kapasita, au kwenye mota yenyewe.

Kinyume chake pia ni kweli. Feni ikizunguka vizuri na taa ikakataa, usianze na rimoti. Mara nyingi kosa ni balbu, au draiva ya LED, yaani kile kipande kidogo kinachoushusha umeme kabla haujafika kwenye taa. Draiva hufa sana, na hubadilishwa bila kugusa kitu kingine chochote.

Vyote vikiwa kimya, anza na jambo ambalo watu huona aibu kulitaja: swichi ya ukutani. Rimoti haiwezi kuamsha kitu kisicho na umeme. Kwenye nyumba yenye watoto au mgeni, swichi hiyo huzimwa kila saa kwa mazoea, kisha lawama zinakwenda kwa rimoti.

> Taa ikitii na feni isitii, mara nyingi rimoti haina kosa.

Swichi ikiwa iko sawa, ndipo tunakuja kwenye rimoti. Kuna za aina mbili. Zipo zinazotumia mwanga wa infraredi, kama ya televisheni, na hizo lazima uzielekeze kwenye feni. Fungua kamera ya mbele ya simu, ielekezee kichwa cha rimoti, bonyeza. Ukiona nukta ya mwanga wa zambarau au mweupe kwenye kioo cha simu, rimoti inatuma. Kamera ya nyuma ya simu nyingi huuchuja mwanga huo, kwa hiyo usiitegemee.

Aina ya pili hutumia mawimbi ya redio na hufanya kazi hata ikiwa chini ya mto. Hiyo kamera haitaiona. Nyingi hutumia kibetri chembamba cha volti 12, kilichoandikwa 23A au 27A, ambacho madukani hukaa rafuni muda mrefu kabla ya kununuliwa. Kitaa chekundu cha rimoti kinaweza kuwaka ilhali betri imechoka kiasi cha kushindwa kutuma mawimbi mbali. Isogelee feni, simama chini yake kabisa, bonyeza. Ikiitikia, badilisha betri na uendelee na maisha yako.

Pwani ina adui mwingine, chumvi. Springi za betri huota ukungu wa kijani, na vile vijiraba vyeusi vilivyo chini ya vitufe hupoteza uwezo wa kupitisha umeme. Ifungue rimoti, ifute kwa spiriti na pamba, iache ikauke. Rimoti nyingi zilizotupwa Zanzibar na Mombasa zilihitaji hilo tu.

Jirani anazima feni yako

Kuna malalamiko yanayosikika kama uchawi. Feni inajizima yenyewe saa tano usiku. Taa inawaka hakuna mtu chumbani. Katika jengo la ghorofa, ambako wapangaji watatu wamenunua pangaboi la aina moja kwenye duka moja, maelezo yake ni mepesi.

Rimoti za redio hutuma kwenye masafa machache yanayotumiwa na vifaa vya aina hiyo, hasa megahezi 315 na 433, yale yale yanayotumiwa na rimoti za mageti na kengele za magari. Kinachotofautisha rimoti yako na ya jirani ni msimbo. Katika aina za zamani msimbo huwekwa kwa viswichi vinne vidogo, juu au chini, vilivyofichwa nyuma ya betri, na vingine vinne kama hivyo kwenye risiva. Vinne vinatoa michanganyiko 16 tu. Na kiwandani vyote huachwa vimelala upande mmoja.

Dawa yake ni kijiti cha meno na dakika tano. Badilisha mpangilio kwenye rimoti, na fundi auweke ule ule kwenye risiva, basi. Aina mpya hazina viswichi, zenyewe hujifunza. Unazima swichi ya ukutani, unasubiri kidogo, unawasha, na ndani ya sekunde kama 30 unashikilia kitufe fulani mpaka taa ipepese au isikike "ti". Kitufe gani? Kimeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na boksi, ile iliyotupwa pamoja na maboya meupe ya kufungashia.

Hapa ndipo penye mtego. Ukiwa na mapangaboi mawili kwenye swichi moja, kama sebule nyingi ndefu zilivyo, yote mawili yatajifunza rimoti hiyo hiyo kwa mpigo mmoja. Tangu hapo yanatembea pamoja kama mapacha. Kuyatenganisha lazima moja likatwe umeme kule juu wakati jingine linafundishwa. Hiyo ni kazi ya fundi, na ni haki yake alipwe.

Nyongeza ndogo kwa wale ambao taa zao hubadilika rangi zenyewe. Taa za rangi tatu, nyeupe, njano na ile ya katikati, huhesabu kuzimwa na kuwashwa kwa swichi. Umeme ukikatika na kurudi haraka, taa inadhani umeigusa swichi na inasogea kwenye rangi inayofuata. Haijaharibika. Imetii amri ya transfoma.

Kitu kidogo chenye alama ya 2.5

Ubovu unaozika mapangaboi mengi kabla ya wakati wake una sura ya kibiriti cheusi cha plastiki chenye nyaya mbili. Kapasita. Mota ya pangaboi la kawaida haiwezi kuanza kuzunguka bila msukumo wa kuambiwa iende upande gani, na msukumo huo unatoka kwenye kapasita.

Nimeiona moja ikipimwa kwenye meza ya fundi, nyuma ya duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Juu yake iliandikwa 2.5 mikrofaradi, volti 450. Fundi akaibana kwa ncha za mita. Mita ikasoma 1.4 na kutulia hapo. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa: haijavimba, haijaungua, haina harufu.

Sababu yake inafaa kuelezwa. Ndani ya kapasita hiyo kuna utando wa plastiki uliopakwa madini kwa unene usioonekana kwa macho, ukaviringishwa. Umeme ukija na kishindo, hutoboa mahali padogo pa utando. Madini yaliyozunguka tundu huyeyuka na kupotea, na tundu linajiziba lenyewe. Kapasita imepona, lakini imepungua kidogo. Kishindo kingine, tundu jingine. Baada ya miaka ya kukatika na kurudi kwa umeme, inabaki nusu yake, na feni iliyokuwa ikipuliza inabaki ikijivuta.

Kwa hiyo dalili haziji ghafla. Kwanza feni inakuwa nzito kwenye spidi za chini. Kisha inanguruma bila kuzunguka mpaka uisukume. Hapo kuna kipimo cha mafundi wa zamani: washa, isukume taratibu kwa mti wa ufagio, mwili ukiwa mbali. Ikishika kasi yenyewe na kuendelea, mota ni nzima, kapasita imechoka. Ikigoma hata baada ya kusukumwa, au ikiwa nzito kuzungusha hata umeme ukiwa umezimwa, angalia beringi na mota yenyewe.

Ipo dalili nyingine inayowachanganya watu: spidi ya juu inafanya kazi, za chini zimekufa. Katika risiva nyingi, spidi za chini hupatikana kwa kuupitisha umeme kwenye kapasita nyingine zilizomo ndani ya kijisanduku, na ya juu huenda moja kwa moja. Kapasita hizo nazo hupimwa na kubadilishwa, mwenye mkono wa kulehemu akipatikana.

Kapasita mpya ni ya shilingi elfu chache. Sharti ni moja: namba iwe ile ile. Kuna kasumba ya kuweka kubwa zaidi "ili feni ikimbie". Itakimbia, na mota itachemka.

Kabla ya kuondoka hapa, kuna wale wanaosema feni inazunguka vizuri lakini haina upepo. Angalia rimoti zao. Baadhi zina kitufe cha kugeuza mzunguko, kilichowekwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaotaka hewa ya joto iliyokwama darini ishuke polepole pembeni mwa chumba. Mtoto akikibonyeza Tanga mwezi wa kwanza, pangaboi linavuta hewa juu badala ya kuishusha. Ukisimama chini na kuangalia juu, mapanga ya feni nyingi yanapaswa kwenda kinyume na mshale wa saa.

Taa isiyokubali kuzimika

Umezima taa kwa rimoti, chumba ni giza, na bado ile LED inatoa mwanga hafifu kama kimulimuli. Wengine hulala hivyo kwa miaka.

Sababu ya kwanza haina ubaya mkubwa. Swichi ya kielektroniki ndani ya risiva haikati umeme asilimia mia, huvujisha kiasi kidogo. Balbu ya zamani ya waya isingejua. LED inahitaji umeme kidogo mno, kwa hiyo inajua. Ni hivyo hivyo kwa taa inayopepesa unapoipunguza mwanga kwa rimoti: risiva nyingi za bei rahisi zilibuniwa kwa balbu za waya, nasi tumeziwekea LED isiyokubali kupunguzwa.

Sababu ya pili, taa ikibaki na mwanga hafifu hata ukizima swichi ya ukutani, ni ya kuogopesha. Katika nyumba nyingi fundi alikosea akaipitisha swichi kwenye nyutro badala ya laini. Ukizima, taa inazimika, lakini laini imebaki hai mpaka ndani ya pangaboi. Mtu anayepanda ngazi kubadilisha balbu akiamini amezima anashika waya wenye volti 230.

> Kuzima kwa rimoti hakukati umeme. Kabla ya ngazi, meni swichi.

Risiva yenyewe, ili iendelee kusikiliza amri, lazima iwe na umeme muda wote. Kwa hiyo feni "iliyozimwa" kwa rimoti ina laini kwenye kikombe saa zote. Zima meni swichi au breka ya chumba husika, kisha pima kwa testa. Kufungua kikombe na kugusa nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA kwa Tanzania, au ya EPRA kwa Kenya. Kubadilisha betri, kusafisha rimoti, kufundisha msimbo na kusikiliza nani anatii ni kazi yako.

Nikiwa huko huko juu: kilo kadhaa za chuma zinazozunguka hazining'inizwi kwenye jipsamu. Ndoano ishike zege au mbao ya kenchi, na bomba liwe na pini yake ya usalama. Pangaboi linaloyumba lisivumiliwe kwa sababu limezoeleka.

Swichi mbili zinazogombana

Kosa linaloua risiva nyingi hufanywa siku ya kwanza. Mwenye nyumba analeta pangaboi la rimoti. Fundi analifunga kwenye waya ule ule wa zamani, ambao una regyuleta ukutani, na anaiacha regyuleta kwa kuwa inapendeza na tundu lake litaonekana ikitolewa.

Regyuleta nyingi za kielektroniki hupunguza spidi kwa kuukata umeme vipande vipande. Risiva inataka umeme mzima. Ikipewa vipande, hunguruma, hupoteza msimbo, mwisho huungua. Inveta za bei nafuu, zinazotoa umeme usio laini kama wa gridi, huleta mgogoro unaofanana na huo. Wazanzibari wanaokumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme wa kutoka bara, wanajua ni vifaa vingapi viliteseka kwa majenereta ya kila aina. Leo kwenye nyumba yenye inveta, pangaboi linaloguna usiku na kunyamaza umeme wa gridi ukirudi halina ugonjwa.

Regyuleta itolewe, au nyaya zake ziunganishwe moja kwa moja nyuma, pawekwe swichi ya kawaida.

Nani auze kipuri

Mpaka hapa inaonekana kama kesi dhidi ya fundi aliyeshuka ngazi mapema. Si haki kumhukumu bila kumsikiliza.

Fundi wa mtaa analipwa kwa kazi iliyokwisha, halipwi kwa kufikiri. Akikaa saa mbili darini akipima, kisha akasema ni kapasita ya elfu chache, mteja atalalamikia gharama ya ufundi. Akifungua risiva, akailehemu, ikafa wiki ijayo, jina lake limeharibika mtaa mzima. Akisema nunua jipya, analipwa kushusha na kulipwa kupandisha, na hakuna anayemrudia. Huo ndio uchumi wa kazi yake, na sisi wateja ndio tulioujenga.

Muuzaji naye ana hesabu zake. Kontena la mapangaboi kutoka China lina aina kumi, na kila aina ina risiva yake, rangi za nyaya zake na rimoti yake. Kuweka vipuri vya aina zote ni kulaza mtaji rafuni. Mwaka unaofuata aina hizo hazipo, zimekuja zenye mapanga ya plastiki yanayojikunja na kujificha juu ya taa. Ukirudi na risiva mkononi, muuzaji anakuangalia kwa huruma ya kweli.

Lakini hesabu hizo mbili zote zinalipwa na mtu mmoja, mnunuzi. Soma waranti iliyochapishwa kwenye boksi. Mara nyingi miaka mingi imeahidiwa mota, kifaa ambacho hakifi kirahisi. Rimoti na risiva, vinavyokufa, hupewa muda mfupi au havitajwi kabisa.

Kwa nyumba za kupanga kuna sura nyingine. Pangaboi la mwenye nyumba likigoma, mpangaji anaambiwa umelichezea. La mpangaji likifungwa kwenye dari ya jipsamu, kulitoa siku ya kuhama kunaacha tundu, na tundu linakatwa kwenye kodi ya mwisho. Nimeona mikataba ya upangaji inayotaja idadi ya funguo na vitasa. Rimoti haitajwi, wakati bila hiyo feni ni pambo.

Hoja ya uniti

Wapo watakaosema basi turudi kwenye swichi ya kuzungusha, tumalize. Hoja hiyo inavutia, na kwa chumba cha wazee au hosteli ningeiunga mkono bila kusita. Tatizo lake ni LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla.

Pangaboi la kawaida hula wati 70 hadi 80. Yale mapya yenye herufi BLDC kwenye boksi, yanayotumia mota ya sumaku za kudumu, hula kama 30 kwa upepo ule ule. Likizunguka saa kumi kila usiku, la wati 75 linakula uniti 22.5 kwa mwezi, la wati 30 linakula 9. Kwa kaya iliyo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, pangaboi moja la zamani linameza karibu theluthi ya kikomo chote. India imeanza kulazimisha kila pangaboi liwe na alama ya nyota za matumizi ya umeme tangu Januari 2023, na tangu hapo BLDC zimeshamiri huko.

Sasa, mota ya BLDC haiendeshwi na regyuleta ya ukutani. Inahitaji bodi ya kielektroniki, na bodi karibu kila mara huja na rimoti. Haina kapasita ya kubadilisha kwa elfu chache. Bodi ikifa, feni imekufa, isipokuwa mwenye duka ana bodi nyingine ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo kadiri tunavyookoa uniti, ndivyo swali la kipuri linavyozidi kuwa kubwa. Anayekuuzia BLDC bila kuwa na bodi ya akiba amekuuzia nusu ya bidhaa.

Kwa mapangaboi ya kawaida yenye kapasita kuna njia ya kutokea ambayo wengi hawaijui. Ziko seti za risiva na rimoti zinazouzwa peke yake, zisizofungwa na aina moja ya feni. Fundi anatoa kijisanduku kilichokufa, anaunganisha hicho kipya nyaya tano, anaiacha antena ikining'inia, anafunga kikombe. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kijisanduku kinaenea ndani ya kikombe na kwamba kimeandikwa uwezo wa wati unaotosha feni na taa. Kwenye BLDC seti hizi hazifanyi kazi, muuzaji akisema zinafanya, mwombe azijaribu mbele yako.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii: washa na uzime hapo hapo dukani kwa rimoti, kisha mwambie muuzaji akate umeme na kuurudisha wakati feni inazunguka. Baadhi hurudi zilipokuwa, baadhi hukaa kimya zikisubiri kubonyezwa. Hilo halikuandikwa kwenye boksi, na ndilo utakaloishi nalo usiku wa joto. Chagua inayorudi yenyewe. Chukua rimoti ya pili kama ipo, piga picha ile karatasi ya maelekezo kwa simu, na muulize bei ya risiva peke yake kabla hujatoa hela.